Taa zote za dashibodi zimewaka asubuhi moja: ijue CAN, waya mbili ambazo kompyuta za gari yako zinaongelea

Wiki iliyopita jirani yangu kaja na karatasi ya kupimwa gari, kodi (code) tisa za hitilafu, nyingi zinaanza na herufi U, kuna U0100, U0121, U0126, U0155, alafu fundi kamwambia kontroli boksi imekufa, pampu ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) imekufa na sensa ya usukani nayo imekufa, ajiandae kununua vyote. Jana yake jioni katoka nayo kazini vizuri tu. Asubuhi imewaka ila dashibodi imejaa taa, mshale wa spidi hausogei na usukani umekuwa mzito. Nikamuuliza kitu kimoja, vifaa vitatu ambavyo hata havikai sehemu moja vinakufaje usiku mmoja gari ikiwa imepaki?

Naandika hii kwasababu swali la aina hii naliona kila siku kwenye magrupu ya magari na majibu ni yaleyale, badilisha kontroli boksi, uza hiyo gari, gari za kompyuta hazifai. Watu wanamwaga hela kwenye vifaa ambavyo ni vizima kabisa. Shida mara nyingi haiko kwenye kifaa, iko kwenye njia ambayo vifaa vinaongelea, na hiyo njia wengi hatujawahi kuelezwa.

Tuanze na maneno. Kontroli boksi ni kompyuta ndogo yenye kazi moja, ipo ya injini, ipo ya gia, ya ABS, ya usukani wa umeme, ya airbag, hata dashibodi yenyewe ni kompyuta. Kwahiyo ukisikia mtu anasema "kompyuta ya gari" muulize ipi, kwasababu gari ya kawaida ya miaka hii inaweza kuwa nazo 20 au 30 na zile za bei kubwa zinapita 70. Sensa ni kifaa kinachohisi kitu, joto, mzunguko, presha, alafu kinapeleka habari kwa kompyuta iliyo karibu nacho. Kodi ni maelezo mafupi ambayo kompyuta imejiandikia kwamba mimi nimeona jambo fulani haliko sawa. Na CAN, inayotokana na maneno Controller Area Network, ni waya mbili zilizosokotana pamoja na kanuni za kuongea juu ya hizo waya. Sisemi waya mbili kwa kila kifaa. Ni waya mbili hizohizo, wote wamejiunga hapo.

Kwanini wakafanya hivo? Chukua spidi ya gari peke yake. ABS inaihitaji, dashibodi inaihitaji ikuonyeshe mshale, gia inaihitaji ijue ibadilishe lini, usukani wa umeme unaihitaji ili uwe mwepesi ukiwa unapaki na mzito ukiwa barabara kuu, hata redio zingine zinaongeza sauti gari ikikimbia. Kwa mtindo wa zamani habari hiyo moja ungeitolea waya kwa kila anayeihitaji, alafu joto la injini nalo lina waya zake, mafuta waya zake, mlango waya zake, mwisho wayaringi inakuwa nene kama paja na kila kiungo ni sehemu nyingine ya kuharibika. Ndo maana kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikaanza kuitengeneza CAN mwaka 1983, kundi likiongozwa na mhandisi Uwe Kiencke, wakaitangaza Detroit Marekani Februari 1986, mwaka uliofuata Intel wakatoa chipu ya kwanza, na Mercedes S-Class ya 1991 ikaingia sokoni ikiwa nayo. 1993 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Na sio magari tu, lifti za Kone za Finland na mashine za eksirei za Philips walikuwa kati ya watu wa mwanzo kuitumia, kwahiyo ukipanda lifti ya ghorofa ndefu inawezekana kabisa vibonyezo vinaongea lugha hiihii ya gari lako.

Watu wanauliza hii "CAN bus" ina uhusiano gani na basi la abiria. Upo uhusiano wa kweli. Neno basi limetoka kwenye omnibus, Kilatini, maana yake "kwa wote", chombo ambacho yeyote anapanda. Mafundi umeme wa zamani wakaliita hivohivo bapa la shaba ambalo mashine zote zinachukua umeme hapo. Waya za CAN ni hivo, ni za wote.

Sasa zinaongeaje. Kwanza ujumbe unapita biti (sifuri au moja) moja nyuma ya nyingine, kama abiria wanaoshuka kwenye mlango mmoja wa daladala, hawashuki wote kwa mkupuo. Ndo maana inaitwa mawasiliano ya mfuatano. Inaonekana kama ni polepole ila kwa mwendo wa kilobiti 500 kwa sekunde, ambao ndo unaoukuta kwenye magari mengi madogo, ujumbe mmoja uliojaa unamaliza kupita kwa kama robo ya elfu moja ya sekunde, yani karibu jumbe 4,000 kila sekunde. Na ujumbe wenyewe ni mdogo, habari iliyobebwa haizidi baiti 8, na baiti moja ni biti 8.

Pili, ujumbe hauandikwi jina la mpokeaji. Fikiria tangazo la kipaza sauti cha msikiti, "kuna mbuzi kaokotwa, mweusi mwenye baka jeupe". Mtaa mzima umesikia, aliyepoteza mbuzi ndo anatoka, wengine wanaendelea na yao. CAN ni hivohivo, kompyuta ya ABS inatangaza "hii ni habari ya spidi, spidi ni kadhaa" na imemaliza, nani anaitumia sio kazi yake. Ukiongeza kifaa kipya kinachotaka kujua spidi huna haja ya kumwambia ABS chochote, wewe kiunganishe kisikilize.

Hapa kuna swali zuri. Wawili wakianza kuongea wakati uleule inakuwaje? Kwenye maongezi ya watu wote wananyamaza alafu wanaanza upya, muda umepotea. CAN haipotezi hata biti moja, na mimi hili ndo jambo linalonifanya niipende hii kitu. Chukua hizo waya kama kamba moja inayopita kwenye nyumba kumi, na kila nyumba ina mtu kashika. Sheria ni kwamba kuongea ni kuivuta kamba au kuiachia, basi. Akivuta hata mmoja, kamba imevutika kwa wote. Kuvuta ni sifuri, kuachia ni moja. Kila ujumbe unaanza na namba yake, kwa mfumo wa kawaida ni kuanzia 0 hadi 2047, na kila anayetuma anatuma namba yake biti kwa biti huku anaiangalia kamba. Wakianza wawili pamoja na namba zao zinafanana mwanzoni, hakuna anayejua kama yuko na mwenzake. Ikifika biti ambayo mmoja anavuta na mwingine anaachia, yule aliyeachia anaona mbona kamba imevutwa wakati mimi nimeachia, anajua kuna mwenye jambo kubwa kuliko langu, ananyamaza hapohapo. Aliyevuta hajui hata kama kulikuwa na mtu, anaendelea mpaka mwisho. Kwahiyo namba ndogo ndo inashinda siku zote, na wahandisi wanapanga kabla, habari za breki na injini zinapewa namba ndogo, habari za kioo cha dirisha namba kubwa. Breki haipigi foleni nyuma ya dirisha.

Tatu, kwanini waya mbili na kwanini zimesokotwa. Ndani ya boneti kuna kelele ya umeme kutoka kwenye koili za kuwashia, oltaneta, mota za feni. Waya moja inaitwa High, nyingine Low. Kukiwa kimya zote ziko kama volti 2.5. Mtu akivuta, High inapanda kwenda 3.5 na Low inashuka kwenda 1.5. Kompyuta hazipimi waya moja moja, zinapima tofauti kati yake. Watu wawili wamekaa ngalawani, mmoja mrefu mmoja mfupi, wimbi likija wanapanda wote na kushuka wote ila tofauti ya urefu wao iko palepale. Kelele ni wimbi, na kwakuwa waya zimesokotwa linazipiga zote sawa. Ndo maana fundi akizikata alafu akaziunga kwa kuzitenganisha kila moja upande wake, kapunguza kinga ambayo ilikuwepo kwa sababu.

Na kila mwisho wa hizo waya kuna rezista, kifaa kidogo kinachokinza umeme, ya ohmu 120 (ohmu ndo kipimo cha ukinzani). Hii watu wengi hawaijui na ndo ya muhimu kwenye kutafuta shida. Umeshawahi kuongea kwenye ukumbi mtupu, sauti inagonga ukuta inarudi, maneno yanaingiliana? Umeme unaokwenda kwa kasi kwenye waya nao unagonga mwisho na kurudi. Zile rezista mbili zinameza mwangwi. Kwa kawaida zimefichwa ndani ya kompyuta mbili zilizoko ncha za mtandao, mfano ya injini na dashibodi, inategemea gari.

Turudi kwa jirani. Kodi za U maana yake ni za mawasiliano. U0100 inasema nimepoteza mawasiliano na kompyuta ya injini, U0121 nimepoteza mawasiliano na ABS, U0126 na sensa ya pembe ya usukani, U0155 na dashibodi. Soma tena kwa makini, haisemi ABS imekufa. Inasema "simsikii". Ukimpigia ndugu yako simu akawa hapatikani huendi kununua jeneza, inawezekana chaji imeisha, inawezekana mnara umekatika, inawezekana wewe ndo huna mtandao. Na kodi za U zikija nyingi kwa mpigo, kutoka kwa kompyuta tofauti zinazolalamikiana, hiyo ni ishara ya njia kabla ya kuwa ishara ya vifaa.

Tulichofanya ni kutoa terminali ya betri, tukasubiri dakika kadhaa kompyuta zote zilale, alafu testa kwenye ohmu, tukapima pini 6 na pini 14 kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari yenye matundu 16 chini ya usukani. Rezista mbili za 120 zikiwa sambamba lazima usome kama 60. Tukasoma 120. Yani upande mmoja umekatika, rezista moja tu ndo inaonekana. Ingesoma karibu na sifuri ningejua High na Low zimegusana mahali, na ingekuwa haisomi kitu ningejua njia imekatika karibu na soketi yenyewe. Tukafuata wayaringi, tukafika kwenye plagi iliyoko chini ya kapeti upande wa dereva, imejaa kutu ya kijani, gari iliingia maji kwenye mvua za masika na hakuna aliyefunua kapeti kukausha. Kusafisha, kubadilisha pini mbili, kusoma tena, 61. Taa zikazimika baada ya kufuta kodi na hazijarudi.

Usidhani ndo inaenda hivo siku zote. Gari nyingi mpya zina geti la kati, kompyuta inayotenganisha soketi ya OBD na mitandao ya ndani, kwahiyo ukipima pale unapima kipande cha kwenda kwenye geti tu. Nyingine zina CAN mbili tatu, ya injini mbali na ya bodi. Na panya, jamani, panya wanatafuna hizi waya kuliko watu wanavyofikiri, hasa gari iliyokaa muda bila kutembea.

Kuna wakati pia kifaa kimoja ni kibovu kweli na kinaharibia wote. CAN ina kinga ya ajabu hapa. Kila kompyuta ina hesabu yake ya makosa, ikituma ujumbe ukaharibika inajiongezea 8, ikituma vizuri inajipunguzia 1. Hesabu ikifika 128 inakuwa ya tahadhari, inapoteza nguvu ya kukatiza jumbe za wenzake. Ikipita 255 inajitoa yenyewe kwenye mtandao, haiongei kabisa mpaka ianze upya. Mbovu anajitoa bila kufukuzwa. Lakini kinga hii inasaidia kama akili ya kompyuta bado iko sawa, ikiungua ile sehemu inayogusa waya ikawa imezivuta moja kwa moja, hapo mtandao mzima unaganda, na njia ni kuchomoa kompyuta moja baada ya nyingine huku unaangalia wengine wanarudi lini. Ni kazi ya subira. Fundi anayekwambia aachiwe gari siku nzima kwa ajili hiyo, muachie.

Sasa hii kauli ya watu kwamba "mashine ya kupimia itasema kilichoharibika". Haisemi. Mashine ni mtu mwingine tu aliyejiunga kwenye kamba, anauliza na anajibiwa. Hata aplikesheni ya simu na kile kidude cha Bluetooth kinachoitwa ELM327 kinafanya hivohivo. Ukitaka kuona mzunguko wa injini, kidude kinatuma swali kwa wote, kompyuta ya injini inajibu na namba mbili, tuseme 26 na 248. Aplikesheni inachukua 26 mara 256, inajumlisha 248, inapata 6,904, inagawa kwa 4, inakuonyesha 1,726. Ni hesabu ya darasani. Mashine ya bei ghali inajua maswali mengi zaidi, hasa yale ya siri ya kiwanda, ila kufikiri bado ni kazi ya fundi.

Na kidude kikikataa kuunganika usiseme gari mbovu. Marekani walilazimisha OBD-II kwa magari ya 1996 na kuendelea, na CAN ikawa ndo lugha ya lazima ya kupimia kuanzia modeli za 2008. Gari nyingi tunazoagiza huku zilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, hazikulazimika kufuata sheria hizo, kwahiyo soketi inafanana ila lugha inaweza kuwa nyingine, nyingi za zamani zinaongea kwa waya mmoja unaoitwa K-line. Ongeza kwamba vidude vingi vya bei rahisi ni nakala za ELM327 zilizokatwa uwezo.

Kitu kinachoniumiza ni vifaa vya kuongezea. Vifuatiliaji vya GPS, alamu, VTS (vifaa vya kufuatilia gari) za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwenye mabasi ya Tanzania, spidi gavana kwenye matatu za Kenya, vyote hivi vinahitaji habari ya spidi au ya swichi na kuna anayevichomeka kwa kukwangua waya yoyote anayoiona, anasokota, anafunga tepu. Kwenye waya ya taa utasamehewa. Kwenye CAN kila tawi unaloongeza ni ukuta mpya wa mwangwi, kiwango chenyewe kwa mwendo wa megabiti 1 kinataka tawi lisizidi sentimita 30, na wewe umening'iniza mita mbili mpaka chini ya siti. Gari inaweza kuvumilia miezi sita alafu ikaanza kuzima ghafla njiani Morogoro. Vipo visomaji vinavyobana juu ya waya bila kukwangua, vinasikiliza tu haviongei, ombeni hivyo.

Mitandao mingine ipo. LIN ni ya waya mmoja, polepole, mwisho kilobiti 20, inatumika kwenye vioo na madirisha kwasababu ni rahisi na hakuna anayekufa dirisha likichelewa. Malori yanatumia CAN ileile ila na kamusi inayoitwa J1939, kwa kawaida kilobiti 250. Toka 2012 ipo CAN FD inayobeba baiti 64 badala ya 8, na kamera zinahitaji Ethaneti ya magari kwasababu picha haipiti kwenye baiti 8.

Kuhusu wadukuzi, nisiwaogopeshe wala nisiwafiche. CAN iliundwa ikiaminika kwamba kila aliyeko kwenye waya ni wa ndani. Ujumbe unasema "hii ni spidi", hausemi nani kasema, na hauna sahihi. Mwaka 2015 watafiti wa usalama wa kompyuta Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha wanaweza kuizima Jeep Cherokee ikiwa barabarani wakiwa mbali, kupitia mtandao wa simu wa redio ya gari, na Fiat Chrysler wakaita magari milioni 1.4 kurekebishwa. Mwaka 2023 ikaelezwa jinsi wezi Uingereza walivyoiba Toyota RAV4, wanavuta bampa, wanafikia waya za CAN za taa ya mbele, wanajifanya wao ndo kompyuta ya ufunguo. Ila ona, wa kwanza walihitaji redio yenye intaneti na wa pili walihitaji kushika waya kwa mkono. Gari ya 2005 isiyo na laini ya simu ndani hakuna mtu wa kuizima kutoka chumbani kwake, hizo video za "naizima gari yoyote kwa simu" ziacheni.

Kwahiyo siku taa zikiwaka zote, piga picha karatasi ya kodi kabla mtu hajazifuta, kwasababu zikifutwa umepoteza ushahidi wa nani alimkosa nani na shida bado iko palepale. Alafu muulize fundi ohmu ngapi kati ya 6 na 14 betri ikiwa imetolewa. Akikujibu kwa namba, kaa naye. Jirani yangu kaenda kwa yule fundi wa kwanza aliyesema vifaa vimekufa, kamuonyesha, na huyo fundi kanunua testa nzuri wiki hii na kaniomba nimchoree zile pini.